Kabla Hujalipia Nyumba, Mtafute Wakili Wako Mwenyewe

Ni Jumamosi asubuhi. Ndani ya chumba kidogo cha ofisi mjini, watu sita wamebanana kuizunguka meza moja. Yumo muuzaji wa nyumba, yumo mnunuzi na mkewe, yumo dalali, na wamo mashahidi wawili. Nyuma ya meza ameketi wakili. Karatasi zilizokwisha kupigwa chapa zinapita mkono hata mkono, kila mmoja anatia saini pale anapoonyeshwa kwa kidole, muhuri unagongwa, fedha zinahesabiwa mara mbili. Baada ya robo saa wote wanatoka nje wakipeana mikono. Mnunuzi ameitia karatasi yake ndani ya bahasha, naye anaamini kwamba tangu saa hiyo ana nyumba.

Ndugu msomaji, picha hii si ya mtu mmoja wala ya mji mmoja. Ni jambo la kila siku katika miji yetu, nalo linazaa swali ambalo wengi hawalikumbuki mpaka maji yamekwisha kumwagika: Je, yule wakili aliyegonga muhuri alikuwa wakili wa nani?

Jibu la kweli ni kwamba aghalabu hakuwa wakili wa mtu yeyote pale mezani. Aliitwa ashuhudie saini, naye akashuhudia. Hakuombwa aende kutazama daftari la ardhi, hakuombwa aulize kama nyumba imewekwa rehani benki, wala hakuombwa amtafute mke wa muuzaji. Alilipwa ada ya muhuri, akagonga muhuri. Kazi yake ikaishia hapo, ilhali mashaka ya mnunuzi ndiyo kwanza yanaanza.

Kwa mfanyakazi wa kawaida, fedha ya nyumba si fedha ya kuokota. Ni akiba ya miaka mingi, ni mkopo wa chama cha akiba na mikopo, pengine ni kiinua mgongo chote cha baba aliyestaafu. Mtu akiipoteza hapati nyingine. Kwa sababu hiyo yafaa tujifunze jinsi ya kumchagua wakili, kazi gani tumdai, na sisi wenyewe tufanye nini ili kazi hiyo ifanikiwe.

UNANUNUA KITU GANI HASA?

Kwanza ieleweke kwamba katika Tanzania Bara hakuna mtu anunuaye ardhi kama anavyonunua baiskeli. Mwaka 1958, kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho "Mali ya Taifa". Humo alionya kwamba ardhi ikiachwa iwe bidhaa ya kuuzwa kiholela, wachache wenye fedha wataishika yote, na walio wengi watabaki kuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1963 milki za kudumu zilizorithiwa kutoka enzi za ukoloni zilifutwa kwa sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo, zimeendeleza msingi ule ule: ardhi yote ni ya umma, naye Rais ameikabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi.

Basi mwenye nyumba ana nini? Anayo haki ya kumiliki na kukitumia kiwanja kwa muda uliowekwa, muda ambao hauzidi miaka 99, na kwa masharti yaliyoandikwa katika hati. Ukinunua nyumba yake, unanunua haki hiyo na miaka iliyosalia, pamoja na masharti yake yote. Kama kiwanja ni cha makazi na wewe unakusudia kufungua karakana, sharti hilo litakufuata. Kama pango la ardhi halijalipwa kwa miaka kumi, deni hilo nalo litakusubiri mlangoni.

Jambo hili ndilo linaloifanya kazi ya wakili kuwa ya lazima. Katika mauziano ya nyumba pande si mbili bali tatu: muuzaji, mnunuzi na Serikali. Makubaliano ya wawili wa kwanza hayatoshi. Sheria ya Usajili wa Ardhi inasema wazi kwamba uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa haukamiliki mpaka nao usajiliwe. Kwa maneno mengine, nyumba haiwi yako siku unayolipa. Inakuwa yako siku jina lako linapoandikwa katika daftari la Msajili wa Hati.

MUHURI NI KITU KIMOJA, WAKILI NI KINGINE

Wengi wetu tumezoea kuyachanganya mambo haya mawili. Wakili anaposhuhudia saini, anathibitisha kwamba mtu fulani alifika mbele yake, akajitambulisha, akatia saini kwa hiari. Hathibitishi kwamba mtu huyo ndiye mwenye nyumba. Tapeli mwenye kitambulisho cha kughushi naye anaweza kutia saini mbele ya wakili, na muhuri utakaogongwa utakuwa muhuri wa kweli juu ya uongo.

Wakili wa mnunuzi ni mtu mwingine. Huyu umempa kazi wewe, umemlipa wewe, naye anawajibika kwako. Akiona kasoro katika hati, ni wajibu wake kukuambia usilipe, hata kama muuzaji atakasirika na dalali atakosa asilimia yake.

Muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa nao una mahali pake. Mwenyekiti anawajua watu wa mtaa wake, anajua nani amekaa wapi na tangu lini, na ushahidi wake una thamani kubwa, hasa pale ambapo viwanja havijapimwa. Lakini mwenyekiti si Kamishna wa Ardhi wala si Msajili wa Hati. Anaweza kushuhudia mauziano. Hawezi kuhamisha hati.

JINSI YA KUMCHAGUA

Wakili hachaguliwi kwa ukubwa wa kibao kilicho mlangoni. Yapo mambo matano ambayo kila mnunuzi anaweza kuyachunguza bila kuwa msomi wa sheria.

La kwanza: je, ni wakili kweli? Si kila mwenye shahada ya sheria ni wakili, na si kila avaaye suti katika viunga vya mahakama ni wakili. Wakili ni yule aliyeandikishwa katika orodha ya mawakili, naye hupewa leseni ya uwakili ambayo hukoma tarehe 31 Desemba ya kila mwaka mpaka aihuishe. Mahakama ya Tanzania imeweka mfumo wa kompyuta uitwao e-Wakili, ambamo mwananchi anaweza kulitafuta jina la wakili na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Asiye na simu ya kuyafanya hayo amwombe kijana wake. Sheria ya Mawakili inamkataza mtu asiye na sifa kuandaa kwa malipo hati za kisheria za kuhamisha mali, na hati inapaswa kuonyesha jina la aliyeiandaa. Karatasi isiyokuwa na jina hilo inaweza kukataliwa pale inapopelekwa kusajiliwa.

La pili: je, anaijua kazi ya ardhi? Kuna mawakili hodari sana wa kesi za jinai ambao hawajawahi kufuatilia uhamisho wa hati hata mmoja. Hakuna aibu katika jambo hilo, kama vile daktari wa macho si lazima ajue mambo ya meno. Mwulize: "Ndugu wakili, uhamisho wa mwisho ulioukamilisha ulikuwa lini, na ulichukua muda gani?" Anayeijua kazi atakueleza hatua moja baada ya nyingine. Asiyeijua atakuambia tu usiwe na wasiwasi.

La tatu: je, anamtumikia nani mwingine? Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Dalali husema, "Yupo wakili wetu, ni mtu mzuri, atawafanyia nyote kwa bei nafuu." Wakili anayeletwa na dalali hupata wateja wake kwa dalali, akiyavunja mauziano leo, kesho hataletewa kazi. Wakili wa muuzaji naye amelipwa ili nyumba iuzwe. Kumtumia wakili mmoja kwa pande mbili kunapunguza gharama kidogo, lakini siku ugomvi utakapozuka hutakuwa na mtu wa kukutetea. Bora ulipe ada ya wakili wako mwenyewe.

La nne: ada yake ni kiasi gani, na inagharimia nini? Kuna Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, iliyotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 264, ambayo inaeleza misingi ya malipo hayo. Mwombe wakili akuandikie mambo mawili mbalimbali: ada yake mwenyewe, na gharama zinazolipwa serikalini kama vile upekuzi, tathmini, ushuru wa stempu na usajili. Yakichanganywa katika jumla moja, hutajua ni fedha ipi iliyokwenda wapi. Kila malipo ya serikalini yana namba yake ya malipo na stakabadhi yake, zidai zote.

La tano: je, anakusikiliza na anaeleweka? Wakili anayekujibu kwa mafumbo ya sheria tangu siku ya kwanza ataendelea hivyo mpaka mwisho. Una haki ya kuelezwa kwa Kiswahili kila neno unalotiwa chini yake saini. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini mwetu. Mkataba wa nyumba unaweza kuandikwa kwa Kiswahili safi, na hata ukiandikwa kwa Kiingereza, dai usomewe na kufasiriwa kabla hujashika kalamu.

KAZI AMBAYO UNAMLIPIA

Ukishampata wakili, usimpe kazi ya "kutengeneza mkataba" tu. Mkataba ni hatua ya kati. Kabla yake kuna uchunguzi, na huo ndio unaookoa fedha.

Uchunguzi wa kwanza ni upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020 zimefunguliwa ofisi za ardhi katika mikoa, hivyo mwananchi wa Mwanza au Mbeya halazimiki tena kufunga safari ndefu kwa kila jambo. Upekuzi utaonyesha nani ameandikwa kuwa mmiliki, kama hati imewekwa rehani, na kama kuna mtu aliyeweka zuio akidai kuwa na haki katika kiwanja hicho. Usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba "kule ni safi." Omba uione karatasi ya majibu, na uitazame tarehe yake. Upekuzi wa mwaka jana hauelezi mambo ya wiki iliyopita.

Uchunguzi wa pili ni wa familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hata likiandikwa jina la mume peke yake, mke ana haki yake. Tena sheria hiyo inasema kwamba nyumba ikiuzwa bila ridhaa hiyo, mwenzi ambaye hakuridhia anaendelea kuwa na haki ya kukaa ndani yake mpaka ndoa itakapovunjwa au mahakama itakapoamua vinginevyo. Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji: umelipa, una funguo mkononi, umekuja na gari la mizigo, na mama mwenye nyumba ameketi sebuleni na watoto wake kwa haki kamili ya sheria. Wakili wako amtafute mwenzi huyo, amweleze, na ridhaa yake iwe ya maandishi. Muuzaji akisema hana mke, aapie hivyo kwa kiapo cha maandishi, na majirani waulizwe vilevile. Mwenye wake wawili aulizwe kuhusu wote wawili.

Uchunguzi wa tatu ni wa mirathi. Nyumba nyingi zinazouzwa mjini zimeachwa na marehemu. Mtoto mkubwa hujitokeza akiwa na hati ya baba yake na cheti cha kifo, akadhani vinatosha. Havitoshi. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, tena baada ya jina lake kuingizwa katika daftari la ardhi kwa nafasi hiyo ya usimamizi. Wakili aone barua ya usimamizi yenyewe, na ahakikishe kwamba warithi wengine wanajua kinachotendeka. Muuzaji anayesema anamwakilisha ndugu yake aliye ng'ambo naye aonyeshe hati ya uwakilishi iliyosajiliwa.

Uchunguzi wa nne ni wa ardhi yenyewe. Mwaka 2017, katika upanuzi wa Barabara ya Morogoro, nyumba nyingi kuanzia Kimara kuelekea Kibamba jijini Dar es Salaam zilibomolewa kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Mwishoni mwa 2015 zilibomolewa nyumba za Bonde la Msimbazi. Katika nyumba hizo zilikuwamo zilizojengwa kwa jasho la miaka mingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari. Wakili hapimi ardhi, lakini wakili mzuri atakuambia umchukue mpima, mkasimame juu ya kiwanja, mzitafute alama za mipaka, na mlinganishe ramani ya upimaji na ukuta uliojengwa. Kisha muulize ofisi ya ardhi ya halmashauri kama mchoro wa mipango miji unaonyesha makazi au barabara ya kesho.

KAMA NYUMBA HAINA HATI

Wasomaji wengi watasema: hayo ni ya wenye hati, sisi wa mitaa isiyopimwa tutafanyaje? Ni swali la haki, kwa maana sehemu kubwa ya miji yetu imejengwa kabla ya kupimwa.

Hapo wakili anahitajika zaidi, si kidogo. Nyumba yenye leseni ya makazi haina hati kamili. Leseni ni ya muda, na lazima ithibitishwe katika halmashauri kwamba ingali hai na kwamba jina lililomo ndilo la muuzaji. Pembezoni mwa miji, ambako vijiji vinameguka kuwa vitongoji vya mji, huenda kiwanja kikawa bado ni ardhi ya kijiji, nayo ina utaratibu wake mbele ya Halmashauri ya Kijiji. Mahali ambapo hakuna karatasi ila ile ya mauziano ya zamani, wakili aufuatilie mnyororo wote: aliyekuuzia aliuziwa na nani, na huyo naye aliipataje ardhi hiyo. Majirani wa pande nne waitwe, mipaka ikanyagwe kwa miguu mbele yao, na majina yao yaandikwe. Jirani aliyeshuhudia mpaka leo ndiye atakayesimama nawe mahakamani kesho.

Kwa mnunuzi wa chumba katika jengo la ghorofa, iko Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Huyu aulize kama sehemu anayoinunua ina hati yake yenyewe, na nani anasimamia ngazi, paa, maji taka na ulinzi.

MKATABA NA FEDHA

Uchunguzi ukiwa mwema, mkataba uandikwe. Sheria ya Ardhi inadai mkataba wa namna hii uwe wa maandishi. Ndani yake yawemo majina kamili, namba ya kiwanja na ya hati, bei, namna ya kulipa, tarehe ya kukabidhiwa nyumba, na nini kitafanyika mmoja akishindwa kutimiza wajibu wake.

Jambo la kodi lisiachwe hewani. Ushuru wa stempu wa uhamisho ni asilimia 1 ya thamani, nao kwa desturi hulipwa na mnunuzi. Iko pia kodi ya mapato kwa faida itokanayo na mauzo, ambayo kwa muuzaji mkazi wa nchini ni asilimia 10 ya faida aliyoipata. Hiyo kisheria ni ya muuzaji, lakini bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato kwamba imelipwa, uhamisho wako hausongi mbele. Muuzaji aliyekwisha kuchukua fedha yote na kurudi kwao hana haraka ya kuilipa. Kwa hiyo mkataba useme waziwazi nani analipa nini, na kiasi cha kutosha kulipia kodi hiyo kibakizwe mpaka ilipwe. Viwango hivi hubadilika katika bajeti za Serikali. Mwombe wakili akuhakikishie kiwango cha mwaka unaonunua.

Hapa kuna mtego ambao wanunuzi hujitegea wenyewe. Ili kupunguza kodi, watu hukubaliana kuandika bei ndogo kuliko ile waliyolipana. Tuseme fundi mmoja wa kiwanda amenunua nyumba kwa shilingi milioni 60, mkataba ukaandikwa milioni 25. Baada ya miezi mitatu inagundulika kwamba muuzaji hakuwa na haki ya kuuza. Fundi anakwenda mahakamani kudai fedha yake. Karatasi yake inasema nini? Inasema milioni 25. Zile 35 nyingine hana wa kumdai, tena yeye mwenyewe amekwisha kukiri kwamba alishiriki udanganyifu dhidi ya mapato ya umma. Wakili anayekushauri kufanya hivyo, mwache siku hiyo hiyo.

Fedha isipite mkononi. Ipite benki, ili pawe na alama yake. Njia iliyo salama ni kulipa kwa awamu: sehemu wakati wa kutia saini, na sehemu ya mwisho uhamisho unapokamilika. Fedha hiyo ya mwisho inaweza kushikwa katika akaunti ya wateja ya wakili, ambayo haipaswi kuchanganywa na fedha zake mwenyewe. Muuzaji mwaminifu hataliona jambo hilo kuwa ni tusi, maana naye analindwa: anajua fedha ipo. Na kama kuna hatari ya nyumba kuuzwa mara ya pili katikati ya safari, wakili anaweza kuweka zuio kwa Msajili kwa niaba yako.

MPAKA JINA LIANDIKWE

Baada ya mkataba ndipo wanunuzi wengi hulala usingizi. Hati inakaa kabatini ikiwa bado na jina la muuzaji, miaka inapita, muuzaji anafariki, watoto wake wanaikuta kumbukumbu ya jina la baba yao na kuja kudai nyumba. Mnunuzi analia kwamba alilipa. Ndiyo, alilipa, lakini hakusajili.

Kwa miaka mingi uhamisho umekuwa ukifanywa kwa fomu za ardhi namba 29, 30 na 35: taarifa kwa Kamishna wa Ardhi, maombi ya kibali, na hati yenyewe ya uhamisho. Wakili huziandaa, nanyi mnatia saini. Kisha hufuata tathmini ya thamani, malipo ya kodi na ushuru, na mwishowe usajili. Ziandikishe hatua hizi katika makubaliano yako na wakili, na kila moja iwe na muda wake. Usimwachie aseme "nitakuita." Panga naye siku ya kupokea taarifa, tuseme kila baada ya wiki mbili, na umpelekee maswali yako kwa maandishi.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Mwambie wakili ukweli wote, hata ule unaokuaibisha, kwa sababu hawezi kukukinga na jambo asilolijua. Mletee nyaraka anazoziomba kwa wakati. Usitie saini karatasi tupu, hata kwa ahadi kwamba itajazwa baadaye. Fungua jalada lako nyumbani, utie humo nakala ya kila karatasi na kila stakabadhi. Na mume na mke mkae pamoja katika mambo haya tangu mwanzo; ikiwa nyumba imenunuliwa kwa nguvu za wote wawili, basi ombeni majina yote mawili yaandikwe. Ni rahisi kuandika leo kuliko kubishana kesho.

WENYE UWEZO MDOGO, NA WALIODHULUMIWA

Atakayesema ada ya wakili ni kubwa asilaumiwe. Mishahara yetu tunaijua. Lakini ailinganishe ada hiyo na bei ya nyumba nzima, si na bei ya mchele. Na kama uwezo wa kumlipa wakili kwa kazi yote haupo, walau umlipe kwa kazi moja: upekuzi na ushauri kabla ya malipo ya kwanza. Hiyo ndiyo hatua ambayo, ikirukwa, hairudiwi. Aidha, iko Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017, ambayo imeweka utaratibu wa watu wasio na uwezo kupata msaada na ushauri kupitia taasisi zilizosajiliwa.

Na ikiwa wakili mwenyewe ndiye aliyekudhulumu? Iko Kamati ya Mawakili, iliyowekwa kwa Sheria ya Mawakili, ambayo husikiliza malalamiko na inaweza kumwadhibu wakili, hata kumfuta katika orodha. Kipo pia Chama cha Wanasheria Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954. Lakini mlalamikaji asiye na barua, stakabadhi wala makubaliano ya maandishi hana la kuonyesha. Tunarudi tena kwenye lile jalada la nyumbani.

Waliotutangulia walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Katika ununuzi wa nyumba tungeweza kusema heri kuchelewa mwezi mmoja kuliko kuhangaika mahakamani kwa miaka kumi. Dalali atakuhimiza kwamba yupo mnunuzi mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. Mwache aje. Nyumba nzuri inayokimbizwa hivyo, mara nyingi ina sababu ya kukimbizwa.

Basi Jumamosi nyingine, utakapoketi mbele ya meza ile na karatasi zikaanza kupita mkono hata mkono, iweke kalamu chini kwanza, umtazame mwenye muhuri, na umwulize kwa heshima: "Ndugu wakili, hapa wewe ni wakili wa nani?" Kama jibu si "wako," jikunjie fedha yako, uage vizuri, uende ukamtafute aliye wako.